Karatasi za Kufungia Njugu

Ule mwaka tulikula mahindi ya manjano. Si ile njaa ya manjano ya kwanza, ni ya pili, wakati muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ilikataa kuiva hata ukiinjika tangu alfajiri, na wajukuu wakaniuliza kama napika kokoto. Mliokula pamoja nami mnajua ni mwaka gani.

Ndugu zangu, mimi nilifagia ofisi ya kampuni ya matunda kule Emali. Shule niliacha darasa la pili, lakini kufagia hakuna wa kunifundisha. Sakafu yangu ungekulia ugali. Basi kompyuta ikaletwa. Ikapewa chumba chake na kitambaa cha kufunikwa, kama bibi harusi. Ufunguo alipewa karani mmoja, msichana mwenye adabu. Mlangoni wakaandika, nikasomewa: usiingie. Mimi niliingia kila siku na ufagio wangu.

Ile mashine yake ilitapika karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Ikikosea, karani anararua, anatupa kwa kapu. "Susu, hizi zote uchome kwa shimo," aliniambia, maana kwetu nyanya huitwa susu. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza.

Sasa niambieni, wanawake wa Ukambani: karatasi nyeupe, upande mmoja haujaguswa, na njaa imekaa mlangoni, wewe utachoma? Kwetu hata gunia likitoboka lina kazi. Nilizikunja, nikazitia ndani ya kiondo, nikampelekea mama wa njugu sokoni azifungie. Naye akanijazia kiganja cha njugu za wajukuu. Nikajiona mwerevu kuliko ofisi nzima!

Siku moja, mimi sipo, dereva wa lori akanunua njugu, akala, akafungua ile karatasi na kuisoma kwa sauti huku anacheka. Ilikuwa orodha ya daktari, ya wafanyakazi waliopimwa. Akataja mama mmoja anayeosha matunda, jina lake na la babake. Kifua kikuu. Na miaka ile, ukisema kifua, watu wanasikia kaburi.

Huyo mama ni jirani yangu. Kesho yake, kwenye kisima chetu cha mchangani mtoni, alikunywa kwa kibuyu cha wote kama siku zote, akampisha mwenzake. Mwenzake akakisukuma kwa kijiti, akachukua jiwe, akakivunja. Mbele yake! "Wewe enda uchote kule chini na ng'ombe." Hakulia. Alijitwika mtungi ukiwa nusu, akaenda. Mimi nilikuwa nimesikia tu kuwa dereva alisoma karatasi fulani sokoni, nikamlaani kwa sauti mtu aliyetoa siri ya mwenzangu. Ndiyo, nililaani. Na hamkunisikia vibaya, nilijilaani mwenyewe na sikujua.

Habari ikafika kwa wakubwa wa kampuni, wakawaka kwa hasira. Fundi akaitwa kutoka Nairobi, siku tatu anapekua kompyuta, anabadilisha neno la siri, anatia kufuli ya pili. Meneja akamwambia karani, "Ufunguo ni wako. Ijumaa uende kwenu." Mimi nafagia katikati ya miguu yao. Ndipo fundi akaokota karatasi iliyoharibika. "Na hizi huenda wapi?"

"Susu huchoma," karani akasema, macho yamevimba.

Nikaona yale matundu pembeni. Nikajua yule dereva alisoma karatasi gani. Nikaegemeza ufagio ukutani. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini yule mtoto wa watu alikuwa ananitazama akinitumaini.

"Sichomi," nikasema. "Zinafungia njugu."

Fundi alikaa chini. Meneja akapaza sauti: "Mama! Tumeweka kufuli mbili, na siri inatoka kwa kiondo?" Alitaka niende saa hiyo hiyo. Ni karani, yule niliyekaribia kumponza, alinitetea. "Tulimwambia achome. Hatukumwambia kuwa ndani kuna watu."

Ndani kuna watu. Ndugu zangu, mpaka leo hilo neno halijanitoka mwilini.

Nikaenda kwa jirani, nikamwambia yote. Akanitazama. "Na njugu zilikuwa tamu?" Nilimchotea maji kwa mgongo wangu mpaka akamaliza dawa, na pale kisimani nilikunywa kwa kibuyu chake, wote wakiona. Alipona. Kama yuko hapa leo au hayuko, sitasema.

Kazi tuliachiwa wote wawili, mimi na karani; shimo la kuchomea likazungushiwa ua, na ufunguo wake nikapewa mimi. Namshukuru karani. Namshukuru jirani aliyenifungulia mlango ambao angeweza kunifungia. Na nyinyi watoto wetu mnaoandika kwa kompyuta, msimwambie mfagiaji "choma" halafu mnyamaze. Mwambieni ni nini anachoma.

Kwa maana moto wangu haukukosa wageni. Shemeji yangu, mkubwa wa ukoo, alinikuta pale shimoni. "Mjukuu wetu anataka kuoa msichana anayefanya kazi hapa. Kabla tupeleke mbuzi za ntheo, zile za kuposa, nitolee karatasi yake moja, tujue kama ako na afya."

"Sitoi. Hapa hutoka moshi tu."

"Wewe! Mimi nimezaliwa na bwana yako tumbo moja!"

Akaenda, akarudi na wazee watatu. Niliwapikia chai. Niliwasikiliza mpaka chai ikapoa, mpaka wa mwisho akamaliza kunikumbusha ni nani alinioa. Kisha nikasimama, nikashika kiberiti.

"Sitoi. Hapa hutoka moshi tu."