Ng'ombe Walivyomaliza Bando Nikiwa India

Wazee wangu, shikamooni. Mama mwenyekiti, shikamoo. Wenzangu wa rika langu nawasalimu wote kwa pamoja, mtaniwia radhi nisipopita kwa kila mmoja. Mnacheka, lakini mimi salamu zimewahi kunitoa machozi, na ndiyo habari niliyosimama kuwaeleza leo. Nitasema bila kutaja jina la mtu wala la kampuni, maana bado nina hasira, na mtu mwenye hasira akianza kutaja majina hamalizi vizuri.

Mnajua mama yangu aliumwa moyo. Hospitali ya kwanza wakasema ni uchovu, ya pili wakasema presha, ya tatu ndiyo wakaona kuna valvu, ule mlango wa damu ndani ya moyo, haifungi vizuri, wakaandika aende India. Baba akauza ng'ombe kadhaa. Kikundi hiki mkachanga, kanisa likachanga, na wale wazee wetu wasiokwenda kanisani nao wakatoa, tena bila kuombwa mara mbili. Mimi nikachaguliwa kwenda naye kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, na kwa sababu ukoo mzima ulidhani najua simu.

Nami nilidhani hivyo hivyo. Kabla ya safari nikaenda mjini Katesh, kwenye duka la mtandao wetu, nikaomba wanifungulie laini itumike nje ya nchi, ile huduma wanayoiita romingi. Dada wa pale akanionyesha kipeperushi. Maandishi makubwa: INTANETI BILA KIKOMO, siku zote za safari yako. Chini kulikuwa na maandishi madogo ya vigezo na masharti. Ndugu zangu, nani hapa amewahi kusoma vigezo na masharti? Nyoosha mkono. Haya, basi msinihukumu peke yangu.

Tukafika India. Hospitali kubwa, safi, watu wema. Wana intaneti yao ya bure, lakini ukitaka kuingia wanakutumia namba za siri kwenye laini ya nchi yao. Huna laini ya kwao, hupati za bure. Nikajisemea, ya nini kuhangaika, mimi nina bila kikomo.

Sasa mama. Siku ya kwanza tu, baada ya vipimo, akaniambia, "Nipigie nyumbani, nataka kuona ng'ombe."

Nikamwambia, "Mama, tumekuja kutibiwa moyo."

"Na moyo wangu uko wapi? Nionyeshe ng'ombe."

Nilimwelewa. Alijua baba ameuza ng'ombe kwa ajili yake. Katika zizi lile kuna wale aliopewa na baba yake mzazi siku alipoolewa, na alikuwa na wasiwasi kwamba akigeuka tu, nao watapakiwa kwenye lori la mnadani. Kwa hiyo kila jioni, wakati ng'ombe wanarudi, nampigia dada yangu kwa video. Kwetu Gehandu mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, karibu na mlango wa zizi. Dada anashika simu pale, ng'ombe wanaingia mmoja mmoja, mama kitandani anawaita kwa majina. Asipomwona mmoja anasema, "Rudisha nyuma," kana kwamba dada anaendesha trekta.

Hayo ni ya ng'ombe. Kabla ya ng'ombe kuna watu. Mnatujua sisi. Mama hawezi kuuliza mifugo kabla ya kusalimia, na mtu mkubwa akiwa pale hawezi kurukwa. Simu inapita kwa baba, kwa baba mdogo, kwa shangazi, kwa majirani waliosikia India inaongea. Kuna bibi mmoja jirani yetu alikuwa anakuja kila siku bila kukosa. Akipewa simu anaibandika sikioni, sisi kule tunaona sikio tu. Sikio zima, limejaa kioo, linauliza habari za kuamka wakati ni jioni. Nani wa kumwambia? Mimi? Nilivumilia sikio la bibi na nikafurahi kuona mama anacheka. Niliona bando langu ni kama hewa.

Siku moja kabla ya upasuaji tukapiga kama kawaida. Salamu zikaenda vizuri, ng'ombe wakaanza kuingia, halafu picha ikaganda. Ikaganda wapi? Kwenye uso wa dada yangu, mdomo wazi, mkono kichwani. Nikakata, nikapiga tena, ikazunguka tu. Nikapiga tena, ikazunguka.

Mama alikuwa ameshaona. Akaniambia taratibu, "Ameshika kichwa."

"Mama, ni mtandao."

"Mtandao haushiki kichwa. Kuna mtu amekufa."

Ndugu zangu, nawaambia, hapo niliogopa. Kwa sababu tunajuana. Sisi, mtu wetu akiwa mgonjwa mbali, msiba ukitokea tunamficha mpaka apone. Mama mwenyewe amewaficha watu mara nyingi. Sasa nitamwambia nini anayeijua kazi hiyo kuliko mimi?

Nikampigia dada simu ya kawaida ya sauti, ile inayokula salio kama moto. Dada akasema wote wazima, akampa baba. Na baba, kwa bahati mbaya yetu, alikuwa na mafua. Mnaijua baridi ya huku kwetu mwezi wa sita. Sauti imekauka, inakwaruza. Akasema, "Mama watoto, mimi mzima, ingia ukatibiwe." Mama akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Huyo ni mdogo wake. Wamemweka aongee badala yake."

"Mama, ni baba!"

"Kama ni mzima, kwa nini anaficha uso? Jana nilimwona. Leo hataki kuonekana. Siingii kwenye chumba hicho mpaka nimwone mume wangu. Kama amekufa, nirudisheni nikamzike."

Akageukia ukutani. Nesi alikuja na karatasi za kutia dole gumba, mama akaficha mikono ndani ya shuka. Daktari alikuja na mkalimani. Akasema mambo mawili ambayo mpaka leo nayasikia. La kwanza, moyo ule hauwezi kuvumilia kurudi nyumbani na kuja tena. La pili, kesho asubuhi kama hajakubali, nafasi anapewa mgonjwa mwingine, na nyingine haijulikani itapatikana lini.

Nikatoka nje kwenye korido nikapiga huduma kwa wateja. Kwanza muziki. Muziki ule nikiusikia leo kwenye harusi nitaondoka. Halafu sauti laini: "Mpendwa mteja, nikusaidie nini?"

Nikaeleza. Akasema, "Mpendwa, umevuka kiwango cha matumizi ya haki. Kasi yako imepunguzwa."

"Mimi nimelipia bila kikomo!"

"Ndiyo mpendwa, ni bila kikomo. Kasi tu ndiyo imepunguzwa."

"Video haiendi!"

"Meseji zinaenda, mpendwa."

Nikamwambia mama yangu anakufa. Akaniambia pole sana mpendwa, je, kuna kingine angeweza kunisaidia? Salio likakatika. Dada akanitumia vocha, nikapiga tena, akapokea mwingine, nikaanza hadithi upya tangu Katesh. Huyo naye akaniita mpendwa. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa Kihindi akaja, akaweka kidole mdomoni kwake ninyamaze. Nilikasirika kiasi kwamba machozi yalitoka, na yalikuwa ya hasira, si ya huzuni. Mtu mzima, baba wa watoto, nalia ukutani kwa sababu ya MB!

Nikarudi tulikopanga chumba, jirani na hospitali, ambako kulikuwa na mama mmoja mwalimu, mtu wa Tabora, amemleta mume wake kutibiwa figo. Alikuwa jikoni anasonga ugali wa unga aliotoka nao nyumbani. Nikamwaga hasira zangu zote mbele yake. Kampuni wezi, nitawashtaki, nitakwenda redioni, bila kikomo maana yake ni bila kikomo. Akaniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

Akaniuliza, "Ukishinda hiyo kesi, mama yako atamwona mume wake kesho?"

Pale ndugu zangu ndipo niliposhuka. Tangu jioni nilikuwa nagombea haki yangu, na mama amelala ameangalia ukuta.

Akasema, "Lete simu, tusome wamesema nini." Tukakuta meseji yao ilishaingia siku mbili nyuma, kwamba nimekaribia kiwango. Mimi niliona ni matangazo ya bahati nasibu, nikaipita. Mwalimu akanieleza polepole. Ukiwa nje, laini yako inapanda mgongo wa mtandao wa wenyeji, na kampuni ya kwetu inawalipa wale kwa unachotumia. Kwa hiyo wanaposema bila kikomo, wanamaanisha hawatakukatia kabisa. Lakini ile kasi nzuri ina kipimo, na kipimo chenyewe kimewekwa kwa msafiri anayesoma meseji na kupiga video ya dakika chache. "Hawakumfikiria mtu anayeonyesha ng'ombe zizi zima kila siku," akasema. Akacheka. Mimi sikucheka.

Akasema tuachane na lile bando. Yapo mengine madogo, yanayotaja kiasi chake wazi, na kiasi hicho kinakwenda kwa kasi kamili. Mtu wa nyumbani anaweza kukununulia kwa namba yako. Tukazima kila kitu kinachojivuta chenyewe kwenye simu, zile picha na video za kundi la ukoo. Nikamwandikia dada, na meseji kweli ilikwenda, hapo walisema ukweli. Dada akapanga na kijana wa pikipiki aende Katesh alfajiri kuninunulia, yeye abaki na simu zizini.

Likabaki jambo moja, na ndilo lililonipa jasho. Bando lenyewe dogo. Likipita kwa watu wote wale, mama atasalimiwa mpaka likatike na baba hajafikiwa. Nikamwambia dada, waambie wazee kesho hakuna salamu. Akanijibu, "Niwaambie mimi? Sema mwenyewe, wewe uko mbali hawatakufikia."

Basi nikarekodi sauti. Nikawaomba radhi mmoja mmoja, kwa heshima zote ninazozijua, kwamba kesho simu ikifunguka asizungumze mtu isipokuwa baba. Niliituma nikiwa najua naweza kurudi nikatozwa faini ya kuwanyamazisha wazee.

Asubuhi kitanda cha magurudumu kimeshaletwa mlangoni, bando likaingia. Nikapiga. Ikafunguka safi kabisa. Baba yupo peke yake mbele ya simu, amejifunga blanketi mpaka puani. Na nyuma yake, mbali kidogo, wazee wote wamekaa chini. Baba mdogo, shangazi, majirani, na yule bibi wa sikio. Kimya. Hakuna aliyekohoa.

Mama akasema, "Toa blanketi."

Akatoa. Pua nyekundu, macho yanatiririka.

"Una nini?"

"Mafua."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Wahesabu, wote hao hapo."

Mama akawaangalia. Akauliza, "Na huyu binti alishika kichwa kwa nini?"

Dada akasema kutoka pembeni, "Ndama alikuwa anatafuna kitenge changu kwenye kamba!"

Mama hakucheka. Alimwangalia baba tu. Na baba yangu, mzee ambaye sijawahi kumsikia akimwambia mama neno laini mbele ya watu, akasema, "Nimekaa hapa tangu alfajiri ili unione. Nenda, mke wangu. Halafu urudi." Mama akanipa simu, akautoa mkono kwenye shuka, akamnyooshea nesi dole gumba.

Ndugu zangu, mimi nilikaa kwenye benchi la korido mpaka madaktari walipotoka kuniambia valvu sasa inafunga vizuri. Sikumbuki nilikula nini siku ile.

Hasira bado ninayo, nisiwadanganye. Walijua kuandika BILA KIKOMO kwa herufi za kusomeka barabarani, wangeweza pia kuandika kiwango kwa herufi hizo hizo. Lakini ninyi mna watoto wanaosoma Uganda, mna wagonjwa, mna wafanyabiashara wanaovuka Namanga na vitunguu. Mtu wenu akisafiri, asikubali kuondoka dukani bila kuuliza mpaka wapi itakwenda kwa kasi nzuri, na ikifika hapo anafanya nini. Wamwambie kwa Kiswahili, na arudie mwenyewe kuonyesha ameelewa. Na meseji yao ikiingia akiwa kule, aisome hata kama ana usingizi.

Nakishukuru kikundi hiki kwa mlichotoa. Namshukuru yule mwalimu wa Tabora, Mungu amponye mume wake. Nawashukuru wale wazee waliokaa chini asubuhi ile wakanyamaza, watu ambao hakuna anayewanyamazisha. Faini sikutozwa.

Naona mnageuka kuangalia mlangoni. Ndiye mama yangu. Nilimwambia asubiri nimfuate na pikipiki, amekataa, amekuja kwa miguu. Mpisheni, mumpe kiti pale mbele mumwone vizuri.