Mawese kwenye Giaboksi

Jumapili hiyo kijiwe cha kahawa mbele ya duka la Khatibu, pale Kibondo, kilijaa mapema kwa sababu gari lilikuwa limekataa kwenda mbele. Lilikuwa gari la bluu lisilo na klachi, ambalo Khatibu alilinunua kwa mzungu mmoja mpima barabara aliyemaliza mkataba, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia Khatibu bila kuuliza na hali ya gari. Kwenye benchi alikaa Khatibu mwenyewe. Pembeni yake Bazilio, aliyeitwa Spana kwa kuwa zamani alikuwa utingo wa lori. Na Athuman fundi cherehani, aliyeitwa Redio, jina ambalo mtu akikaa naye kidogo tu analielewa. Gharibu alimimina kahawa kutoka kwenye birika lililokaa juu ya jiko lake la mkaa. Wa tano hakukaa. Alikuwa Kipriani, bwana harusi, naye alilizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kipriani alijiponza kwa mdomo wake mwenyewe. Siku ya posa, kule Murungu, aliwaambia wajomba wa Winifrida kwamba binti yao atafuatwa kwa gari, tena gari lisilo na klachi. Wajomba wakasema neno wamelishika, na mwanamume anayevunja neno la kwanza, mengine hawayangoji. Padri wa kufungisha ndoa alikuwa mgeni kutoka Kasulu. Miaka hiyo petroli ilikuwa ya taabu, na magari yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo padri angeondoka mapema na asingerudi mpaka masika yaishe. Kipriani aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

— Tuanze na vipimo, Spana akasema. Injini inawaka?

— Inawaka, Khatibu akajibu.

— Inarudi nyuma?

— Vizuri mno. Kama mtu aliyeona chatu.

— Kwenda mbele?

— Inanguruma, inatetemeka, haisogei.

— Basi ugonjwa nimeujua. Umeibiwa klachi.

— Spana, gari hii haikuwa na klachi tangu naiona.

— Ndiyo maana yake. Iliibiwa mapema.

Redio akatua kikombe. Alikuwa haamini ugonjwa wowote ambao haukutangazwa.

— Magari haya yana akili, jamani. Yanajichagulia gea yenyewe, nilisikia. Sasa kitu chenye akili kinaweza kugoma. Leo Jumapili, imesikia amri ya serikali.

— Amri inaanza saa nane! Kipriani akapiga kelele.

— Gari haina saa mkononi, bwana harusi. Haraka haraka haina baraka.

— Padri anaondoka!

— Ndiyo hivyo, naye ana haraka. Hana baraka.

Spana akaomba utulivu. Akachukua vikombe viwili vya Gharibu, akavitazamanisha midomo.

— Sikilizeni. Mle ndani kuna kitu kinaitwa konveta. Ni kama sufuria mbili zinazotazamana, katikati mafuta. Injini inazungusha sufuria ya kwanza, mafuta yanasukumwa, yanaizungusha ya pili, na ya pili ndiyo inayovuta gari. Chuma hakigusi chuma. Mafuta ndiyo klachi.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kunywa kahawa pale, Spana alikuwa amesema jambo la kweli, na mwenyewe alionekana kushtuka.

— Kumbe gari inatembea kwa kukorogwa? Redio akauliza. Kama ugali?

— Kama ugali. Haya, mzee Khatibu, mafuta yake yamo?

— Yamo, tele. Yalivuja kidogo juzi, nikakagua kile kijiti chake, nikaona mafuta yenyewe mekundu. Nikasema, aa, haya si mawese? Nikajaza mawese. Safi, ya Ujiji, yaliyochujwa.

— Hapo umefanya vyema, Spana akasema. Mafuta yakimwagika hayazoleki, hununuliwa mengine.

— Na petroli naibana. Kutoka Kasulu kuja huku, kila mteremko nazima injini, naiacha iteremke bure.

Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Mtu mwangalifu kama Khatibu, gari lake kuugua! Redio akasema basi hakuna jingine, ni jini. Spana akasema jini haliwezi kukaa kwenye mawese, litateleza. Redio akasema huenda gari linamkumbuka mzungu wake, na likiwekwa gea ya mbele linadhani linapelekwa mbali naye zaidi. Khatibu akauliza mzungu yule alielekea upande gani, wakabishana mpaka kahawa ikapoa vikombeni.

— Kama inarudi nyuma, Kipriani akasema kwa sauti ya kukata tamaa, basi twende Murungu kinyumenyume.

Khatibu akasimama.

— Bibi harusi aletwe kinyumenyume? Huko si kumleta, mwanangu, ni kumrudisha kwao kabla hajafika. Kwenye gari yangu, hapana.

— Ego, kweli kabisa, Spana akaitikia. Mkosi.

Kipriani akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya harusi. Hapo ndipo Redio alipoligusa tumbo la gari kwa kiganja, akaondoa mkono haraka.

— Baridi! Jamani, hii gari ina homa ya baridi. Ilizoea joto la Dar es Salaam. Asubuhi za huku mimi mwenyewe natoka kitandani kinyumenyume.

Lilikuwa wazo la kijinga kuliko yote, kwa hiyo likapita bila kupingwa. Spana akalishika jiko la Gharibu.

— Na kahawa? Gharibu akauliza.

— Kahawa itangoja. Samaki mkunje angali mbichi.

Jiko likasukumwa chini ya giaboksi. Wakangoja. Pole pole ikaanza kupanda harufu ya mawese yanayochemka, na wanaume wazima wakaanza kumeza mate.

— Tungekuwa na kitunguu, Redio akasema.

— Na maharage, Khatibu akaongeza.

— Mwakeye! ikaita sauti ya mwanamke, ikiwaamkia kwa Kiha.

Winifrida alikuwa amesimama barabarani, viatu mkononi, miguu myekundu kwa vumbi la Murungu, kikapu chenye gauni lake kichwani. Nyuma yake alikuja mjomba Ndayiragije, mkubwa wa wajomba wote, akisukuma baiskeli iliyofungwa sanduku. Walikuwa wamengoja gari mpaka wakachoka. Kipriani alitamani ardhi impasukie aingie humo.

— Shemeji, Spana akasema, usiingie kanisani. Kaa hapo kivulini. Ikipona tunakurudisha Murungu, halafu tunakuja kukuchukua kama ilivyopangwa.

— Padri ameshavaa, Winifrida akasema. Tumempita mlangoni.

Kabla hajajibiwa, Khatibu, aliyekuwa ameshikilia usukani tangu harufu ianze, akaweka gea ya mbele. Gari likakohoa, likatetemeka, kisha likaruka mbele na kuliacha jiko nyuma limelala ubavu.

— Imepona! Redio akapiga yowe.

— Usisimame, mzee, itaganda tena! Spana akalia, akadandia mlango kama siku za lori. Redio akajitupa kiti cha nyuma. Wakapiga honi na kuimba, wakakata kona, wakashika barabara ya Murungu kwa mwendo ambao Kibondo ilikuwa haijauona, mpaka vumbi likawafunika.

Mjomba Ndayiragije akalitazama lile vumbi muda mrefu.

— Bwana harusi, akasema. Gari lile linakwenda kumchukua nani?

Kipriani akamtazama Gharibu. Gharibu akainama kuokota makaa yake.

— Mimi, mjomba, Winifrida akasema.

— Wewe uko hapa.

— Niko hapa. Lakini alisema gari litakwenda Murungu kunichukua. Limekwenda, au halikwenda?

Mjomba akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa inamsumbua usoni waziwazi.

— Limekwenda, akakubali mwishowe. Tena mbio.

— Basi neno limetimia.

Kipriani alikuwa amemchumbia Winifrida kwa sababu ya uzuri wake na bidii yake shambani, lakini kumpenda hasa alianza dakika ile, akiwa na vumbi matakoni na machozi karibu. Akainuka, akakishusha kikapu kutoka kichwani kwa Winifrida, akajitwika mwenyewe mbele ya mji mzima, mwanamume na kikapu cha mwanamke, wala hakujali nani anacheka. Wakashika njia ya kanisani, mjomba akifuata na baiskeli.

— Na wale wakifika Murungu wasimkute mtu? Gharibu akauliza nyuma yao.

— Watakaa, Winifrida akasema. Watajadili.