Bibi Hodi na Herufi S

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo muziki utakuwa kidogo. Nimechoka, na najua wenzangu tuliotoka nao mazishini Jumamosi wamechoka pia. Tunamkumbuka Bibi Hodi, aliyekuwa kiongozi wa darasa katika kanisa letu la Methodisti. Nasema tena: Bibi Hodi, miaka thelathini na moja kiongozi wa darasa.

Mgeni atauliza, darasa la watoto? Hapana. Kanisa hili lilianza na watu kumi na mmoja ndani ya ghala la nafaka, wamekalia magunia. Mchungaji alikuwa na makanisa sita ya kuzungukia. Kwetu alifika mara moja kwa mwezi, na mvua ikinyesha hata hiyo mara moja hatukumwona. Basi waumini walipoongezeka wakagawanywa madarasa. Kila darasa nyumba kumi na tano, na kiongozi wake. Kazi yake ni moja: kila wiki afike kila nyumba, ajue nani mzima na nani anaumwa. Kisha aandike kwenye daftari. Y, yupo. M, mgonjwa. H, hayupo. Hivyo kanisa likakua, likajengwa la mawe, tukafika madarasa kumi na manne. Si mahubiri yaliyofanya hivyo. Ni miguu.

Bibi Hodi alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Akitoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, anaanza nyumba zake. Humkwepi. Siku moja nilijificha chumbani kwa sababu nyumba haikuwa imefagiwa. Nikamsikia mlangoni: "Mama wee, viatu vyako nimeviona. Toka, sikuja kukagua vumbi."

Sasa sikieni kosa lilipoingilia. Mke mmoja alifungua daftari, akaona jina la mumewe, aliyekuwa kazini mbali, lina herufi H. Akalia sana. Kumwambia mke kwamba mumewe hayupo, si ni kama kumzika? Wazee wakaona aibu. Wakakubaliana, tusiandike tena H. Tuandike S, yaani safarini.

S ikawa herufi ya adabu. Baadaye adabu ikazaa uvivu. Mgonjwa lazima umwendee. Msafiri unamwombea tu, umekaa.

Magoti yalipomshinda, Bibi Hodi alimwachia daftari shemeji yake, fundi cherehani, mume wa mdogo wake. Fundi alikuwa analijaza pale pale kanisani, kwenye benchi la nyuma. Asiyemwona, S. Bibi akamtania: "Shemeji, darasa lako wote wasafiri. Wamenunua ndege?" Fundi akajibu: "Miguu yangu ni ya kukanyaga cherehani, shemeji, si ya kupanda vilima." Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, Bibi Hodi aliteleza bafuni. Nyonga ikavunjika. Jirani yake, mwoka mikate, alimbeba mpaka kitandani, akataka kuita teksi. Bibi akakataa. Mwoka mikate ameniambia hivi: "Alisema, usihangaike mwanangu, Jumapili darasa wasiponiona watakuja. Akanifanya nipange viti vitatu kando ya kitanda."

Jumapili ile hawakumwona. Fundi akaandika S. Alidhani shemeji yake kaenda kwa binti yake. Jumapili ya pili hawakumwona. S tena. Viti vitatu vikabaki vitupu. "Mimi si wa kanisa lake," anasema mwoka mikate. "Nilidhani wanajua. Kila asubuhi nikimpelekea chai ananiambia, leo watakuja."

Jumatatu, siku ya kumi na moja, mwoka mikate hakuuliza ruhusa. Hospitalini wakasema mapafu yameshajaa maji. Alhamisi akafariki.

Binti yake alisema neno moja tu pale kaburini: "Mama hakuwahi kuja kwangu bila kuniambia wiki mbili kabla. Wangenipigia simu." Na fundi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema: "Nyumba yake naiona nikiwa nimekaa kwenye cherehani."

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni mama. Watoto wangu wako mbali, na usingizi wangu si mzuri. Nawaonya kwa woga huo. Msiseme "atakuwa kasafiri". Msiseme "wenzake wanajua". Mwoka mikate alidhani kanisa linajua, kanisa likadhani binti anajua, na mtu akakaa siku kumi na moja anahesabu hatua za wapita njia.

Kwa binti yake na wajukuu, tunawapa pole. Fundi naye tunampa pole, maana ni mfiwa pia. Msimtupie mawe. Herufi ile tuliikubali wote.

Jana fundi alifunga cherehani, akachukua daftari. Majina tisa yalikuwa na S. Akaenda nyumba zote tisa, kwa miguu. Mmoja tu ndiye aliyesafiri kweli. Saba walikuwa ndani mwao, na wawili kati yao wamelala wagonjwa. Mlango wa tisa haukufunguliwa, lakini redio ilikuwa inasikika ndani. Leo asubuhi fundi aliniambia atarudi kesho. Nikamwambia, kesho ya nini, nenda leo.

Sasa hivi yuko njiani. Wewe wa nyumba ile, kama unanisikia na huwezi kuinuka, punguza redio ukiweza. Akifika, gonga ukuta.