Chemchemi ya Ellerby Wells Isifunikwe Kioo

“Maji yananuka yai viza, Winifred, kubali yaishe!”

“Pua yako ndiyo imeviza, mzee wewe! Hebu nipishe, mgeni anaingia!”

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Philippa Garside, utuwie radhi. Hao uliowakuta wakirushiana maneno mlangoni ni Bi Winifred Tordoff, mchota maji wetu kwa miaka hamsini na mbili, na mumewe Cuthbert, ambaye kila asubuhi hunywa glasi mbili ndipo aanze kulalamika. Sisi tulishaacha kuwaamua.

KARIBU

Mimi ninayesoma risala hii ni Hesper Moxon, katibu wa wachota maji. Mheshimiwa, tumekuona ukinywa glasi yako. Hapa kwetu mgeni anapimwa kwa uso, na mabwana wenye medali kifuani wamewahi kutema kwenye vyungu vya maua. Wewe umemeza. Hongera sana, ingawa jicho la kushoto lilicheza kidogo.

HISTORIA

Mwaka 1694 kondoo mwenye ukurutu aligaagaa kwenye tope letu akapona. Kondoo mmoja tu, basi madaktari wakafuata, wakaleta mabwana wenye jongo na mabibi wenye tumbo. Nyumba za mawe zikajengwa kwa nusu duara, bendi ikapiga kila asubuhi. Watu walikuja kutafuta afya wakaondoka na wachumba.

Mwaka 1908 wazee wetu walichimba kisima cha pili, wakatoboa bomba la dobi. Wiki sita wageni walikunywa maji ya sabuni, na barua za shukrani zikamiminika. Tunazo kabatini mpaka leo. Mji mwingine ungezichoma.

MAFANIKIO

Kwa miaka yote hiyo chemchemi imefungwa siku kumi na moja tu, wakati wa vita. Maji haya yasipochotwa yanaziba, halafu yanajitafutia njia. Siku hizo yalitokea chini ya kanisa, kasisi akahubiri amevaa mabuti ya mpira. Tangu hapo hakuna siku iliyopita bila kata ya kuchotea kuingia majini. Krismasi tunachota. Theluji ikifika kiunoni tunachota. Hilo ndilo linalotupa kiburi, na hatukifichi.

CHANGAMOTO

Barua ya halmashauri inasema Oktoba chemchemi ifunikwe kioo, watu wawe wanatazama tu. Sababu yao ni kwamba tumebaki wachota maji wanne, na mdogo wetu ana miaka sabini na moja.

Ni kweli. Kwa desturi yetu mchota maji ni mwanamke aliyezaliwa humu humu mjini. Tulipofungiwa nyumba ya kujifungulia mwaka 1979, watoto wetu wote wakawa wanazaliwa hospitali ya mji jirani, na mabinti waliozaliwa kabla ya hapo wameolewa mbali. Mwaka juzi mke wa mwoka mikate alikubali kujifungulia nyumbani. Tulikaa sebuleni kwake saa kumi na nne, tukamaliza chai yote. Akazaa dume.

“Zuri lakini,” alisema Bi Winifred, akavaa koti lake.

MAOMBI

Yalikuwa saba. Tumeyafuta sita, likiwemo la viti vipya. Tunaomba kitu kimoja: kioo kisiwekwe. Chemchemi isiyochotwa inakufa, Mheshimiwa, na huu mji hauna kazi nyingine.

Mungu akujalie magoti yasiyouma na tumbo lisilonung’unika, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Ni sisi, Wachota Maji wa Ellerby Wells.

Mheshimiwa, usipokee karatasi kwanza. Hili sijaliandika, na kwa jinsi wenzangu wanavyonikodolea macho, unaona mwenyewe hawalijui. Jana nilipekua daftari la ubatizo kanisani. Machi 1971, Mtaa wa Cistern, nyumba namba tisa: msichana, Philippa Garside. Mama yako alikuja kumsalimia shangazi yake, uchungu ukamkuta jikoni, na kesho kutwa yake mkaondoka.

Winifred, funga mdomo.

Mheshimiwa, aproni hii ya mchota maji ni safi. Naomba uivae.