Mashine ya Upana wa Shimo

FUNDI: Haloo? We — haloo! Nani ameshika simu hiyo?

SHEMEJI: Mimi, shemeji. Simu yangu, ataishika nani mwingine? Umeamkaje?

FUNDI: Nimeamka tu, jua halikuniuliza. Uko kazini?

SHEMEJI: Niko kwenye mashine, nachapa mabango. Sema upesi, bosi yuko mlangoni na mteja.

FUNDI: Mabango ya nani?

SHEMEJI: Ya wateja.

FUNDI: Ya walewale wa manispaa. “Mtaa Safi, Maisha Bora.” Nimeliona moja wamelifunga juu ya mtaro uleule. Wino wa bango haukosekani. Zege lilisubiri mazishi.

SHEMEJI: Umepiga unigombeze, au —

FUNDI: Nimepiga nikuulize kazi yako. Nipo kwa huyu bwana anayeuza mashine zilizotumika. Anazo mbili za kuchapa picha kubwa, za wino. Niambie nipeleke ipi nyumbani.

SHEMEJI: Nyumbani? Fundi viatu na mashine ya picha wapi na wapi?

FUNDI: Bosi wako si alinikatalia? Nilimletea picha ya shimo alilotumbukia dada yako, akaishika kwa ncha za vidole kama leso ya mwenye mafua. Eti “hatuchapi mambo ya migogoro.” Nikaenda kwa wengine wanne, wimbo ule ule. Wote wanakula sahani moja na ile ofisi. Basi nitachapa chumbani kwangu, tuone nani atabisha hodi.

SHEMEJI: Kikao chako na wao ni lini?

FUNDI: Alhamisi. Mhandisi kaandika kwenye ripoti, “uwazi mdogo pembezoni mwa mtaro.” Mdogo! Dada yako kaingia mzima mzima, huyo mhandisi — (mtandao unakwaruza) — kwenye kiti cha kuzunguka, anaandika mdogo!

SHEMEJI: Unakatika, shemeji.

FUNDI: Nasema shimo lenyewe wameshaliziba! Tumezika Jumamosi, Jumatatu wamemwaga zege. Miaka mitatu tunawaomba walizibe, hawakuwa na hata koleo la mchanga. Sasa ushahidi umebaki kwenye simu yangu. Nataka utoke ukubwa wa kweli, sawasawa na shimo. Nimtandikie mkuu wao kwenye zulia, nimwambie, haya mheshimiwa, ruka nikuone.

SHEMEJI: Upana ulikuwa —

FUNDI: Mita moja na chenga. Nimeshawaandikia barua tatu, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tatu. Zote zinasema mita moja na chenga.

SHEMEJI: Ulipima?

FUNDI: Kwa macho. Macho haya yamepima miguu ya watu miaka thelathini.

SHEMEJI: Haya. Hizo mashine zinameza karatasi ya upana gani?

FUNDI: Moja sentimita sitini. Nyingine mia na kumi, ndefu kama jene— ni ndefu. Huyu muuzaji anasema zote zina rangi nane, na kijivu zipo mbili. Nimemuuliza kijivu mbili za kazi gani, anacheka tu. Meno mengi kuliko maarifa.

SHEMEJI: Zina kazi, shemeji. Kivuli cha ndani ya shimo kitaonekana kina chake. Bila hizo utapata weusi mtupu, kama umemwaga lami. Ila muulize kichwa kimesafishwa lini. Kile chenye vitundu vinavyotema wino. Mashine ikikaa bila kazi, wino unakaukia humo.

FUNDI: Wewe! Kichwa kimesafishwa lini? … Anasema kiko freshi.

SHEMEJI: Freshi si tarehe. Achape mistari ya majaribio, mashine zote mbili. Mstari ukikatika, kichwa kimeziba.

FUNDI: Umesikia? Chapa mistari. Zote mbili, ndiyo. Usinitazame hivyo, nina gundi vidoleni lakini nina shemeji mjuzi. … Anaguna.

SHEMEJI: Aache agune.

FUNDI: … Hii kubwa imetoa mistari imekatikakatika kama barabara yetu. Anasema itajirekebisha yenyewe. Maneno ya ofisini hayo, sijui kayasomea wapi. Ndogo imetoka safi.

SHEMEJI: Basi chukua ndogo. Utachapa vipande viwili, uviunganishe.

FUNDI: Niunganishe? Watasema fundi viatu katia kiraka! Watasema nimeongeza. Nataka kipande kimoja.

SHEMEJI: Hiyo kubwa itamaliza wino wote kwa kujisafisha. Na mlangoni itapita?

FUNDI: Nitang’oa mlango. Kitanda nimeshakitoa.

SHEMEJI: Kitanda? Unalala wapi?

FUNDI: Tusitoke kwenye mashine.

SHEMEJI: Subiri. Picha uliyonitumia ninayo, naifungua kwenye kompyuta. Sikiliza, mashine haijui shimo lilikuwa na ukubwa gani, lazima uiambie. Tunahitaji kitu kilichomo kwenye picha, ambacho urefu wake tunaujua.

FUNDI: Si nimekwambia mita moja na —

SHEMEJI: Kitu, shemeji. Mhandisi naye ataulizia hichohicho.

FUNDI: Humo hamna kitu. Ni shimo na ukingo wake.

SHEMEJI: Kuna ndala. Hapo ukingoni.

(mtandao unakwaruza)

SHEMEJI: Haloo?

FUNDI: Hiyo nilitaka uifute.

SHEMEJI: Niifute?

FUNDI: Sitaki wale watu waitazame. Watasema alivaa ndala mbovu, wapate pa kutokea. Ifute.

SHEMEJI: Nikiifuta hatuna kipimo. Na watasema tumechezea picha.

FUNDI: … Basi iache.

SHEMEJI: Ina urefu gani, shemeji?

FUNDI: Namba thelathini na nane. Sentimita ishirini na tano, kisigino hadi kidole. Ya kushoto. Kamba nimeibadilisha kwa mkono wangu, si mbovu. Haikuwa mbovu hata kidogo.

SHEMEJI: Najua. Ishirini na tano… imelala sambamba na upana, bahati nzuri. Ngoja nihesabu inaingia mara ngapi.

FUNDI: Mara nne na zaidi.

SHEMEJI: Mara mbili. Na robo.

FUNDI: Hapana.

SHEMEJI: Nimerudia mara tatu. Sentimita hamsini na sita.

FUNDI: Pima tena.

SHEMEJI: Shemeji —

FUNDI: Pima tena nakwambia! Kompyuta ya bosi wako hiyo, nayo inakula kwao!

SHEMEJI: Kompyuta ni ya bosi. Kipimo cha ndala ni chako.

FUNDI: Hamsini na sita.

SHEMEJI: Ndiyo.

FUNDI: Meza yangu ya kazi ni pana kuliko hapo.

SHEMEJI: Ila kwenye karatasi ya sitini inaenea. Kipande kimoja, hakuna kuunga.

FUNDI: Na barua zangu tatu? Watacheka mpaka watoe machozi. Wataniita mwongo, na yule mhandisi atajikuna kitambi, eti nilisema mimi.

SHEMEJI: Basi usiende na picha. Nenda na barua zako tu, nani atakuuliza?

FUNDI: Mtu mzima, shemeji. Kapita hapo.

SHEMEJI: Kapita. Tulimtoa sote wawili.

(mlio mfupi)

FUNDI: Simu inalia, vocha inakwisha.

SHEMEJI: Na bosi anarudi. Unachukua ipi?

FUNDI: Sikiliza kwanza. Siku ya kwanza nilipokwenda ofisini kwao, yule mhandisi aliniambia mfuniko wa pale unataka lori, winchi na watu sita. Kazi nzito ile, mzee, vuteni subira. Na mimi nikamwamini! Nikarudi nikamwambia dada yako, tuvumilie, wakubwa wanajipanga. We pita tu kwa uangalifu.

SHEMEJI: Usijibebeshe —

FUNDI: Hamsini na sita! Mfuniko huo ningeubeba kwapani! Ningeukata kwenye ubao asubuhi moja, kabla ya chai, bila winchi, bila mhandisi, bila mjinga yeyote wa —

SHEMEJI: Shemeji, bosi huyu hapa. Ipi?

FUNDI: Ndogo! Wewe, nifungie hiyo ndogo. Na barua ya nne uniandikie wewe, una mwandiko wa kusomeka.

SHEMEJI: Niseme nini? Haraka.

FUNDI: Futa mita moja. Sema shimo lilikuwa dogo. Dogo kabisa, andika hivyo, dogo kuliko hata walivyo—