Aiskrimu ya Injinia

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu mmoja umefungwa waya, limewekwa barazani kwa fundi friji, kati ya mafriji mawili mabovu na moja zima. Fundi huyo watu walimwita Injinia, naye hakuwahi kuukataa ukubwa huo. Ukutani, juu ya benchi, alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: MTEJA, USIFUNGUE-FUNGUE FRIJI. Hakuna mteja aliyeondoka pale bila kusomewa maandishi hayo kwa sauti. Ila asubuhi hiyo Injinia hakuwa na habari na wateja. Nyuma ya pazia, chumbani, alikuwa amelala binti yake, Chiriku, ambaye kwa kawaida huanza kuuliza maswali kabla hajafungua macho. Tangu akatwe mafindofindo hospitalini, kimya. Uji anasukuma, maji anameza kwa kijiko huku machozi yanamtoka. Daktari alisema apewe vitu laini na vya baridi, aiskrimu ikipatikana ndiyo nzuri zaidi. Na Injinia alikuwa ameapa mbele ya mkewe: hainunuliwi, inatengenezwa.

— Nenda dukani, bwana, alisema Breki, dereva wa lori ambaye akishaanza kuongea hana kinachomsimamisha. Duka lile pale ng'ambo. Unatoa hela, unapewa aiskrimu, mtoto anakula, mambo yamekwisha.

— Mimi? Mimi ninayeugandishia mtaa mzima, nikapange foleni kununua barafu? Watu watanionaje?

— Watakuona baba mwenye mtoto mgonjwa.

Injinia alimnyooshea kikombe Mama Kahawa, muuza kahawa wa pale kijiweni, kikajazwa.

Akadakia Kamusi, mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna neno asilojua maana yake, hata lile ambalo halipo.

— Breki, wewe huijui dunia. Dukani unauziwa upepo. Mashine inapuliza hewa, maziwa yanavimba, wewe unadhani umeshiba. Nusu nzima pumzi!

— Pumzi za nani?

— Za mashine!

— Sasa mtoto wa watu akavute pumzi ya mashine? Lo! Basi hapo Injinia yuko sawa. Hebu tuone hiyo yako.

Injinia alisimama kwa madaha. Alifungua friji zima, akafungua na friza juu yake, akalivuta sufuria. Maziwa, malai, sukari, tone la vanila. Alikuwa ameyakoroga mwenyewe tangu alfajiri, kwa mkono uleule unaoshika bisibisi. Alilitikisa sufuria. Likacheza kama uji.

— Bado kidogo, alisema. Inajikusanya.

— Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki, alisema Kamusi.

— Hayajamwagika hayo.

— Ndiyo maana tunayagandisha mapema, ili hata yakimwagika yazoleke.

Breki alitikisa kichwa, akaona ni hekima.

Kahawa ilizunguka tena. Breki alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa kina.

— Kosa ni sufuria, alisema. Sufuria lina kumbukumbu. Limeishi jikoni miaka yote. Ukilitia kwenye baridi, linakumbuka moto. Linayapasha maziwa kwa siri.

— Acha uzushi!

— Uzushi? Fungua tulishike!

Injinia alifungua. Walilishika wote watatu, mbele na nyuma, kama wanaonunua mbuzi. Breki alisema upande wa chini una vuguvugu. Kamusi alisema huo ni mkono wa Breki.

— Mimi nawaambia kitu kimoja, alisema Kamusi. Adui ni sukari. Sukari asili yake ni jua. Nani kati yenu amewahi kuona muwa unaota kwenye barafu?

Hakuna aliyewahi.

— Mnaona! Sukari ikizidi, inapigana na baridi. Fungua tuonje.

Alifungua. Wakaonja. Breki alisema sukari iko sawa, akaonja tena kuhakikisha. Kamusi alionja kwa niaba ya sayansi. Mama Kahawa akaletewa kijiko, akasema ni tamu, lakini kwani mtoto hamumwachii?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alimjibu Kamusi.

— Friza iko juu, Kamusi.

— Basi sharti achuchumie! Maana ni ileile.

Pazia lilisogea. Mkewe Injinia alichungulia, uso umechoka.

— Baba Chiriku, tayari?

— Muda si mrefu, mke wangu. Inakuja yenyewe.

— Ulisema hivyo asubuhi. Mtoto hajameza kitu.

— Mimi nimetengeneza friji za mahoteli! Ije inishinde aiskrimu ya sufuria moja?

Pazia likarudi. Sauti ya Injinia ilikuwa imesimama imara kama kawaida yake, lakini moyoni aliumia. Nyumba ile bila maswali ya mtoto aliiona kubwa na ya kigeni. Zamani akiulizwa kwa nini barafu inaelea, kwa nini friji inanguruma usiku, alisema, mwanangu, hebu nipumzishe. Leo angelipa chochote aulizwe lolote.

— Ni ng'ombe, alisema Breki.

— Ng'ombe gani tena?

— Aliyetoa maziwa. Huyo alikamuliwa akiwa na hasira. Maziwa ya hasira hayagandi, yanachemka kimoyomoyo. Fungua uyasikilize.

Injinia, na ufundi wake wote, alifungua. Wote watatu wakainamisha masikio kwenye friza, mlango wazi, baridi yote ikiwapita mashavuni kwenda zake barabarani.

— Nasikia kitu, alinong'ona Kamusi.

Hakuna aliyeona pazia likifunguka. Chiriku alisimama pale amejifunga shuka, mama yake nyuma yake. Aliwatazama wale watu wazima watatu wenye vichwa ndani ya friza. Kisha akatazama ukutani, maandishi mekundu aliyojifunzia kusoma. Akayanyooshea kidole.

— Baba, alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, inakwaruza. Mbona mnafungua?

Kamusi, ambaye hajawahi kukosa neno, alilikosa. Breki alisimama mwenyewe, bila kusimamishwa. Injinia aligeuka na sufuria mikononi. Hakusikia swali. Alichosikia ni sauti.

— Umesemaje, mama?

— Mbona mnafungua?

Mkewe alikuja akachungulia ndani ya sufuria. Maziwa baridi, hayajaganda hata ukingoni, nayo nusu haipo.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, alisema, akiwatazama mmoja mmoja.

Hiyo methali ilikaa mahali pake, na hakuna aliyethubutu kuiongezea.

Mama Kahawa alisuuza kikombe, akakijaza kutoka sufuriani, akampa mtoto. Chiriku alionja kwa ncha ya ulimi. Akameza. Akangoja maumivu. Akameza tena, akainamisha kikombe mpaka mwisho, akakinyoosha kiongezwe.

— Inapita? aliuliza mama yake.

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Injinia aliuona uso wa mkewe ukilegea, na hapohapo ujasiri wake ukamrudia wote.

— Ndivyo nilivyokusudia, alisema. Aiskrimu ya kunywa. Kwa mgonjwa wa koo, ile ngumu ya dukani ingemkwaruza.

— Nilijua tangu mwanzo, alisema Kamusi.

— Mimi ndiye niliyesema, alisema Breki.

Chiriku alimaliza kikombe cha pili, akapangusa midomo kwa shuka.

— Lakini baba, mbona mlikuwa mnafungua?

Wanaume watatu waliinua vikombe vyao kwa pamoja, wakanywa taratibu, macho barabarani. Mama Kahawa alikuwa na birika mkononi, na birika lilikuwa tupu, kama vikombe vyao, tangu saa nzima iliyopita.