Karatasi Kumi na Nne za Mwalimu Lokol

Ndugu zetu mliofika hapa Ngaremara, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, mimi ni Simon Lokol, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, pamoja na jambo moja ambalo mke wake, Kinanu, amekubali nilisome.

Mwalimu Anderson Lokol alizaliwa tarehe 3 Juni 1948 hapa Ngaremara, akaanza shule ya msingi mjini Isiolo mwaka 1957, akasoma sekondari Meru, kisha chuo cha ualimu, na kuanzia Januari 1971 akafundisha Kiswahili Isiolo mjini, ambako wanafunzi walimwandikia "ng'ombe yangu imepotea" naye akawasahihisha miaka kumi na miwili bila kuchoka. Tarehe 20 Desemba 1975 alimwoa Kinanu, muuguzi kutoka Meru, wakajaliwa watoto wawili, Akiru na Ewoi.

Septemba 1983 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza kusomea jinsi ya kuipa kompyuta sarufi ya Kiswahili. Mwaka uliofuata, ukame ukiwa umemaliza mbuzi wetu wote, mama alifariki, na barua yangu ikamfikia kaka wiki tano baada ya mazishi. Alirudi Agosti 1986, amekonda, masomo hayajaisha, akarejea kufundisha Isiolo, akasema atamalizia nyumbani kwa kalamu, mashine itapatikana baadaye.

Kazi yenyewe alinieleza, nami nasema nilivyoelewa. Kompyuta zile zilikuwa na nafasi ndogo, huwezi kuandika kila neno na tabia zake zote, kwa hiyo aliweka sheria za kila kundi la maneno kwenye karatasi moja, zikawa karatasi kumi na nne, halafu kila neno likapata kadi inayotaja namba ya kundi lake tu, na mengine yote neno linayarithi kutoka kwa kundi, isipokuwa pale kadi inapokataa. Kadi ya "kiti" ilikuwa na mstari mmoja. Ya "kijana" ilikuwa na miwili, maana wingi wake ni vijana kama vile viti, lakini tunasema kijana huyu, hatusemi kijana hiki, kwa kuwa ni mtu. Kadi zilifika elfu tatu na mia mbili.

Mei 1987 alianza kuugua ini, akalazwa Isiolo, baadaye Meru, na Novemba tulipohama nyumba ya walimu mimi ndiye niliyefunga vitu vyake. Kadi niliziweka kwenye sanduku la bati kwa sababu zilikuwa nyingi, zile karatasi nikaziacha kwenye katoni, chini, kwenye stoo, nikiona ni chache. Kufikia Krismasi mchwa walikuwa wamezimaliza. Kadi ziko nzima mpaka leo, lakini tulipozifungua na Kinanu tulikuta kundi la tano, kundi la tano, kundi la tisa, na hakuna anayejua kundi la tano linasema nini.

Februari, akiwa kitandani, aliniuliza, "Simon, zile kumi na nne ziko wapi?"

Nikamjibu, "Ziko kavu, kaka. Ziko salama."

Akasema, "Basi hata mimi nisipoinuka, mtu anaweza kumalizia," akageukia ukutani.

Akili yake ilikuwa timamu hadi mwisho, ningemwambia ukweli angetusomea sheria zile upya na Kinanu angeandika, tulikuwa na wiki nne nzima. Sikumwambia. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Machi 1988, saa kumi na moja alfajiri, akiamini kazi yake ipo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliomshikia vipindi, waumini wa kanisa letu, na jirani yetu Mama Abiba, aliyekaa na watoto muda wote huo akiwapikia kama wake.

Kaka, hayo ndiyo niliyokuficha, nimeyasoma mbele ya watu wako wote. Pumzika kwa amani, ukiweza.